Mahindi ya Mbegu Juu ya Mafiga

Juzi fundi aliniwekea bomba la moshi kwenye jiko la kuni la kupasha nyumba joto. Aliacha nafasi kati ya bomba na mbao za paa, zisije zikashika moto. Alipowasha kuni za kujaribu, harufu ile ilinirudisha kijijini Mbebe, jikoni kwa Bibi.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Baba alikuwa juu ya paa, akigongea bomba alilolikunja mwenyewe kwa bati, kwa kuwa kikohozi cha Bibi, mama yake, kilikuwa hakimwachi. Bibi alikuwa chini, akiyatazama mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya mafiga.

"Moshi ukitoka, fukusi wanaingia kwenye mbegu. Mwakani utapanda bomba?"

"Mbegu nitanunua, Mama. Kifua nitakununulia wapi?"

"Shuka huko, mjuaji, usije ukaanguka."

Baba alipokwenda shambani, Bibi alipanda kwenye kigoda, akaliziba bomba kwa kipande cha gunia. Moshi ukarudi. Tukaota moto wawili, macho yakituchuruzika. Kila alipokohoa nilidhani moshi unamtoka kifuani, nikafurahi. Leo najua ulikuwa ukiingia.

Baba alizibua, Bibi akaziba, mpaka Baba akachoka.

Mvua za kwanza zilipofika tuliyapanda mahindi yale. Hakuna punje iliyotobolewa. Yaliota yote, hata mstari wa mwisho, ule uliopita kando ya kaburi la Bibi.