Pikiniki ya Nashon Pale Muhuru

Mwaka ule wa sitini na tano Nashon alipokuja livu, buti zake ndizo zilizotangulia kufika. Alikuwa amezipaka kiwi zikang'aa kupita kiasi, na kila zilipogonga mawe ya njia ya Muhuru, mbwa walibweka boma hadi boma. Mwenyewe akisimulia habari hizi huanzia hapo hapo kwenye buti. Husema ukitaka kumtambua mjinga kabla hajafungua mdomo, mtazame miguuni.

Alikuwa askari wa kawaida tu, si sajini wala koplo. Kazi yake kule Wajir, walikokuwa wakipambana na waasi walioitwa mashifta, ilikuwa kuendesha lori la maji. Lakini huku nyumbani nani angejua? Majirani walipomwuliza amewaangusha wangapi, alinyamaza akatazama mbali, wakajijazia wenyewe. Kufikia siku ya tatu alikuwa ameua watu ambao hata jeshi zima halijawaua, na yeye mwenyewe hajasema neno.

Aliyekataa kuununua ushujaa huo alikuwa mmoja tu, binti yake Akeyo. Mtoto huyu alizaliwa baba yake akiwa jeshini, na sasa alikuwa anaukaribia mwaka wa nne. Nashon akiingia kwa mlango wa mbele, Akeyo alitokea wa nyuma. Akinyoosha mkono, mtoto alijifutika ndani ya gauni la mama yake, Bathsheba. Peremende alizila, hilo hakukataa, ila ni lazima zipitie kwanza mkononi mwa mama. Jioni moja, walipomaliza kula, alimwuliza mama yake kwa Kijaluo, na wala hakupunguza sauti:

"Huyu mgeni analala hapa tena leo?"

Bathsheba alicheka mpaka akashika mbavu. Nashon naye akacheka, maana mwanamume hachekwi peke yake, halafu akatoka nje akajifanya anatafuta mswaki wake gizani. Lilimuuma, jamani, tusidanganyane. Livu ilikuwa inakatika. Jumatatu angepanda basi, na kule alikokuwa akirudi barabara zilikuwa zimetegwa mabomu; madereva wawili aliokula nao sahani moja hawakuwepo tena. Aliwaza, nikienda hivi na nisirudi, siku ya matanga mtoto ataonyeshwa picha yangu, naye atasema ndiyo, huyo mgeni namkumbuka, ndiye aliyeleta peremende. Mashifta hawakuwahi kumtia baridi kama wazo hilo.

Mwenye akili zake hapo angefanya nini? Angeketi chini acheze na mtoto. Nashon wetu akaona dawa ni pikiniki.

Neno hilo alikuwa ameliokota Gilgil, kambini. Jumapili maofisa wa Kizungu walikuwa wakitandika blanketi nyasini wakala mikate na wake zao, na watoto wakawapanda baba zao mabegani, wakawavuta masikio, na hao hao maofisa wakali wakawa wanacheka tu. Nashon aliwatazama kwa mbali akiwa amebeba ndoo. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba siri yote iko kwenye blanketi.

"Jumapili tunakwenda kula ziwani," akatangaza, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na nyumba ile haikuchezea Sabato.

"Kula nini?" akauliza mama yake, mjane mwenye ulimi mwembamba kama wembe.

"Chakula chetu, Mama."

"Kile kitakachopikwa hapa jikoni?"

"Hicho hicho."

"Na hapa pana kasoro gani?"

Bathsheba akaingilia kwa upole. "Baba Akeyo, watu wenye nyumba yao wakionekana wameketi nje na masufuria, si watu watadhani tumefiwa?"

Nashon akasema huo ni ushamba. Bathsheba akamwomba basi avae kaptura na aende miguu mitupu, kwa vile buti ndizo zinazomtisha mtoto. Nashon akasema askari wa serikali havui magwanda mbele ya raia. Sheria hiyo haipo, aliitunga pale pale, na ameshakiri mara nyingi kwamba ilimgharimu.

Basi Jumapili wakatoka. Yeye mbele na blanketi la jeshi begani, Bathsheba na kikapu cha masufuria ya kuku na ugali, mama mzee, bibi yake Akeyo, na chupa ya chai, na Akeyo nyuma kabisa, ameshika gauni la bibi yake. Nashon alikuwa akiwahesabia hatua. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Bibi alitembea anavyotaka mwenyewe.

Wakafika ufukweni, mahali penye kivuli cha jiwe kubwa, mbali kidogo na wanawake walioanika omena, vile vidagaa vya ziwani. Nashon akatandika blanketi lake, akalinyoosha pembe zote nne kama kitanda cha ukaguzi. Akeyo akachagua pembe ya mbali kuliko zote, nyuma ya mgongo wa bibi. Wakaanza kula. Siri ya blanketi haikuonekana.

Kabla hawajafika kwenye mapaja ya kuku, akapita Monari, Mkisii aliyekuwa akileta ndizi Muhuru kwa baiskeli. Alipoiona familia imeketi nje na masufuria, mama mzee katikati na askari amevaa rasmi, alishuka baiskeli polepole, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema kwa Kiswahili. "Ni nani ametutoka?"

Bathsheba akamtazama mumewe.

"Hakuna aliyekufa," bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ni kijana yangu amerudi na akili ya Wazungu."

Monari akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba mwingine. Hata hivyo alikuwa amekwisha kukata chane ya ndizi kwa ajili ya wafiwa, na kitu cha rambirambi hakirudishwi kwenye baiskeli. Akakiweka juu ya blanketi, akasema Mungu awatie nguvu, akaenda zake.

Ndizi hizo Akeyo alizipenda. Alisimama na ndizi yake, akasogea kidogo kuelekea majini, akanyoosha kidole. Kati ya mafunjo kulikuwa na ua la yungiyungi, jeupe. "Mama, lile," akasema.

Alimwambia mama yake, sio baba yake. Lakini Nashon alikwisha kusimama.

"Hapo pana tope," mama yake Nashon akamwonya. "Marehemu baba yako alipoteza ng'ombe hapo."

"Mama, mimi nimevuka jangwa."

"Jangwa lina maji?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Nashon angeshukuru kama lingekuwa guu tu. Alikwenda kwa hatua za gwaride, kifua mbele. Hatua chache za kwanza zilikuwa nzuri. Iliyofuata ikaingia mpaka kwenye goti. Akauinua mguu wa pili kuuokoa wa kwanza, nao ukaingia. Kila alivyojivuta kwa nguvu za jeshi ndivyo alivyoshuka, mpaka tope likamfika kiunoni, na ua likabaki palepale, halifikiwi. Buti zile zilikuwa zimejaa kama mitungi.

Angeweza kuita msaada, lakini aliona haya. Akasimama pale, kama ni kusimama, akijifanya anakagua ziwa.

Ndipo akamwona Akeyo. Mtoto alikuwa amefika ukingoni kabisa, ndizi mkononi, anamtazama, na mguu mmoja umeshaingia majini. Nashon akaliona mawazoni lile tope likimmeza mtoto wake, naye yuko hapo hapo, hawezi hata kugeuka. Na mtu akishikwa na hofu lugha hujichagulia yenyewe. Miaka yake yote ya jeshi aliamrishwa kwa Kiswahili, basi ndicho kilichomtoka, kwa sauti ya uwanja wa gwaride.

"Kaa! Kaa! Kaa!"

Sasa Akeyo hakuwa na Kiswahili hata cha dawa. Alikuwa na Kijaluo cha mama na bibi, na kwa Kijaluo *ka* ni hapa. Mtoto akiambiwa *bi ka* ameambiwa njoo hapa, na bibi yake akiwa na haraka huiacha ile *bi* na kupiga *ka* peke yake. Mtoto alisikia baba yake, amekwama na amechafuka, akimwita: hapa, hapa, hapa.

Akaenda.

Nashon alizidi kupiga kelele akae, na mtoto akazidi kukaza mwendo. Tope lililommeza askari wa kilo themanini halikumfika Akeyo hata kwenye goti. Alipita juu yake akichapachapa kama bata, akamfikia baba yake, ambaye kwa kuzama kwake sasa walikuwa kimo kimoja, akamshika shingo kwa mikono miwili, ndizi ikapondeka kolani.

Bathsheba na bibi walimtoa Nashon kwa kumvuta kwa leso walizojifunga kiunoni, bibi akitaja sifa za yule ng'ombe aliyepotea, ambaye eti alikuwa na akili zaidi. Buti hazikutoka. Ziko huko mpaka leo.

Akaketishwa juu ya jiwe, tope mwili mzima, na Akeyo juu ya goti lake. "Nilimwambia akae," akasema. "Nilimkataza asije."

"Yeye alisikia unamwita," Bathsheba akamjibu, akijifuta machozi ya kicheko. Halafu kicheko kikamwishia. "Baba Akeyo, tangu ufike hujamwita huyu mtoto. Peremende unanipa mimi nimpe. Kumwuliza kama ameshiba, unaniuliza mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza anasikia unamwita, na siku hiyo hiyo amekuja."

Nashon alitaka kubisha, akazipitia siku zake zote za livu akitafuta hata mara moja. Hakuipata. Aibu iliyomshika hapo ilizidi ile ya tope.

Akajaribu. "Akeyo," akasema kwa Kijaluo, polepole, "njoo hapa."

Mtoto, aliyekuwa akimchokoa tope sikioni kwa kidole, akamtazama kwa mshangao.

"Si nimeshakuja," akasema, akaendelea na sikio.