Kwa Kutaka Kazi ya Ukaguzi, Nilisema Mama Amekufa

Usinionee huruma, ndugu yangu. Nilichofanya hakina jina zuri, na sitakutafutia.

Mama yangu alikuwa hai, mzima wa afya, anauza dagaa wakavu sokoni hapa Tunduma. Na mimi, mwanaye wa kumzaa, nikamwambia mtu wa serikali kwamba amekufa. Kisa? Kazi!

Ngoja nikueleze vizuri. Nilisomea uhasibu, nikamaliza, nikarudi nyumbani kukaa. Kukaa kwelikweli! Nimeuza vocha, nimesimamia ghala la mahindi la mtu, nimechekwa na niliowafundisha hesabu. Ikatoka nafasi kwenye ofisi ya serikali inayokagua hesabu za umma. Nikatuma maombi, nikaitwa kwenye usaili wa kuandika, nikapita. Wa ana kwa ana, nikapita! Siku hiyo mama alipiga vigelegele mpaka jirani yetu, Mama Sekela, akaja mbio kuuliza kama naolewa.

Ikabaki upekuzi. Kama hujui, kazi kama zile hawakupi hivihivi. Afisa anakuja mpaka mtaani kwenu kuuliza wewe ni nani, wazazi wako ni nani, tabia yako ikoje.

Hapo ndipo nilipoharibu. Marehemu baba yangu ni Mnyamwanga wa hapahapa Tunduma. Mama naye ni Mnyamwanga, ila kazaliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, mwendo wa miguu tu. Kwetu hilo si ajabu, watu wanaoana huku na kule tangu mababu. Lakini mtu wa mpakani ana woga wake. Tangu mdogo nimesikia watu wakinyoosheana vidole: "Huyo si raia, mama yake wa kule." Na mimi msomi mzima sikumuuliza mtu yeyote sheria inasemaje. Nikaamua tu kwamba mama ataniharibia.

Nikamwambia, "Mama, nenda kwa mjomba Nakonde ukapumzike kidogo, mpaka hawa watu wapite."

Akaniangalia. "Kwani mimi nina nini cha kufichwa?"

"Huna kitu, mama. Ni mambo ya serikali tu."

Akafunga kibegi chake, akaagana na Mama Sekela, akavuka.

Afisa alinikuta ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtu mpole, anaongea taratibu. Mwenyekiti alikuwa ametoka nje kuongea na simu, tukabaki wawili. Akauliza habari za baba, nikajibu. Akauliza, "Na mama yuko wapi?"

Nilikuwa nimejipanga kusema yuko shamba kwa ndugu, huko Mbozi. Ghafla nikawaza, huyu atataka kumwona! Ulimi ukanitangulia.

"Mama alifariki."

"Pole sana," akasema.

Na mimi nikamjibu, asante!

Akatoka kwenda kuongea na majirani, wa kwanza Mama Sekela. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akaanza kwa kumpa pole ya kufiwa na jirani yake.

Sasa hebu jiweke wewe. Mwenzako ameondoka juzi na kibegi, anacheka, leo mgeni wa serikali anakupa pole ya msiba wake. Utawaza nini? Mama Sekela aliwaza amefia hukohuko Nakonde! Akavua kitambaa kichwani, akajitupa chini. Kilio chake nilikisikia nikiwa bado njiani.

Na huku kwetu kilio hakiulizwi maswali. Ukikisikia unafunga kanga, unabeba unga wako au kuni zako, unakwenda. Nilipofika nyumbani uwanja umeshajaa. Wanawake wamekaa chini, wanaume wanapanga mabenchi, mmoja keshampigia mjomba simu. Mjomba aliposikia vilio na neno msiba, akakata hata hajauliza nani amekufa. Na afisa yule amesimama penye ua, anatazama.

Ningeweza kusema. Maneno mawili tu, "Mama yupo," na watu wangenitukana, wangebeba unga wao, yangeisha! Badala yake nikakaa mkekani katikati ya wale akina mama, nikalia. Machozi yalitoka ya kweli. Mpaka leo sijui yalitoka wapi.

Ndipo mama akatokea.

Alikuwa peku, kanga inaburuzika, anaita jina langu. Mjomba alimwambia nyumbani kuna msiba, na nyumbani tunaishi wawili tu. Alidhani nimekufa mimi!

Wanawake wakapiga mayowe, wengine wakakimbilia uani. Mama Sekela akamnyooshea kidole. "Jirani! Si umekufa wewe?"

Mama alinikimbilia mimi. Alinikamata kichwa, akanipapasa mabega. "Uko mzima? Mwanangu, uko mzima?"

Afisa akasogea. Akaniuliza mimi, hakumuuliza yeye. "Huyu ni nani?"

Uwanja mzima ukanigeukia.

"Ni mama mdogo," nikasema.

Mikono ya mama ikaniachia. Akanitazama kidogo, kisha akamgeukia afisa. "Ndiyo, baba. Mimi ni mdogo wake marehemu." Akaenda kukaa chini na waombolezaji, akajifunika kanga usoni.

"Poleni na msiba," afisa akasema, akaondoka zake. Hakudanganyika hata kidogo, macho yake niliyaona.

Kazi sikuitwa. Baadaye mwenyekiti akaniambia kwa hasira, "Mjinga wewe! Kwamba mama yako kazaliwa Nakonde nilimwambia mimi siku ya kwanza, kabla hajakuona wewe. Akasema baba Mtanzania, hakuna shida. Alitaka kujua kama unasema ukweli, basi!"

Ningekosa kazi tu, ningeshukuru. Lakini mama yangu alikuwa ameshaliliwa. Sokoni watu wakaanza kupita mbali na meza yake. Nani atie mkono kwenye dagaa wa mtu aliyekaliwa matanga? Watoto wakimwona wanakimbia. Nyumbani hakunigombeza, nilitamani anigombeze! Alikula kidogo, akalala ameelekea ukutani, akaacha kuniita mwanangu. Asubuhi moja akafunga kibegi mwenyewe, akavuka, hajarudi.

Mwezi uliopita mjomba alinitumia ujumbe kwamba mama anaumwa. Nikaenda na machungwa. Nikapiga hodi, nikamsikia mama ndani, sauti imekuwa nyembamba, anauliza nani. Mjomba akamtajia jina langu.

"Mwambie mama yake hayupo," akasema.

Nililia mlangoni pale mpaka mjomba akanisindikiza barabarani. Akaniambia, "Usije tena kumsumbua. Wewe msiba wako ulishaukaa."

Nyie mnaotafuta kazi, nisikilizeni! Mkiulizwa wazazi wenu, watajeni, hata kama wamezaliwa wapi, hata kama wanauza nini. Msichokijua kaulizeni, kuuliza si ujinga. Na aliye hai msimtamkie kifo, hata kwa mzaha, hata kwa mshahara wa namna gani.

Mimi simu yangu siizimi. Ila sidhani kama siku ya mama ikifika kuna atakayenipigia.