Pale Palipokuwa pa Impundu

Siku yangu ya kwanza kazini, shaushi wa bendi, yaani sajini wetu, alinifungua midomo akanikagua meno kama mtu anunuaye mbuzi. "Meno ya mbele yapo," akasema. "Tarumbeta haipigwi na kibogoyo." Ndivyo nilivyoingia bendi ya askari wa boma la Usumbura, enzi za Mdachi. Ninyi mnaofungua redio mkatikisa kichwa, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha Rumonge, kwetu, kupiga miito ya asubuhi na jioni. Huko shaushi alinifuata na karatasi mbili za nota, yaani alama za sauti. Bwana Mkubwa wa boma angeagwa, na tarumbeta moja ilitakiwa kuongoza, bendi nzima ikiijibu. Atakayefaulu angekuwa mpigaji wa kwanza.

"Kipande hiki chepesi utakijua kwa wiki mbili," akasema. "Hiki kigumu kitakula miezi sita, na bado kinaweza kukuaibisha. Chagua kwa pumzi yako, si kwa moyo."

Nilichagua kwa moyo. Kile chepesi kilikuwa cha kushoto-kulia tu. Kigumu kilipanda polepole, kikanyamaza, kisha kikashuka, nami nilikipenda tangu shaushi aliponipigia.

Nilijifunzia ufukweni, wanawake walipoanika ndagala, dagaa wa Tanganyika, mchangani. Kila nilipofika pa kunyamaza, Zaina, binti wa mvuvi wa Magara, alipiga impundu, vigelegele vya Warundi, na wenzake wakafuata. Zikiisha, nilishuka.

"Weye mutu wa tarumbeta," aliniambia siku moja nilipompigia na kile chepesi, "ile ingine iko ya kutembeza askari. Hii iko ya kuoa."

Nilicheka, nikarudisha tarumbeta mdomoni. Nilijiambia nikishakuwa mpigaji wa kwanza nitarudi kumposa. Mjinga mimi!

Siku ya kuaga, kule Usumbura, mbele ya wakubwa wote, nilipanda vizuri hadi pa kunyamaza. Nikangoja impundu. Nikazidi kungoja. Bila hizo sikujua nianze tena lini. Bendi ikatangulia, nikabaki na tarumbeta mdomoni.

"Ulikuwa unangoja nini?" shaushi aliniuliza.

"Wanawake wa ndagala, bwana shaushi."

Hakucheka. Nafasi akampa mwingine.

Kwa aibu niliomba kituo cha mbali, kisha vita vikaja. Niliporudi Rumonge, Mdachi alikuwa ameondoka, na Zaina ameolewa Kizuka, kwenye michikichi. Nikawa fundi cherehani, nikashona nguo mpaka macho yakachoka.

Vijana huniuliza kama najuta kuchagua kigumu. Sijuti, ila nakitamani mpaka leo, chenyewe na ufukwe wake.

Mwaka jana nilikutana na Zaina msibani, mjane, mzee kama mimi. Akaniuliza kama kile kipande kiliwapendeza wakubwa. Nikamweleza nilivyokwama nikingoja impundu zake.

"Si ungerudi tu?" akasema. "Miye nilikungoja mwaka muzima."