Fungu la Aliye Njiani

Ndugu zangu wawili wa kiume walitaka nifute fungu la mdogo wetu wa mwisho, nami nikakataa. Habari yote ni hiyo. Kilichobaki ni kueleza fungu lenyewe lilikuwa nini, na kwa nini mtu mzima mwenye akili zake agombee nafasi tupu ndani ya diski ya kompyuta.

Tulizaliwa wanne katika nyumba ya Chang'ombe, hapa Dodoma, kwa wazazi waliotoka Kondoa: mimi kwanza, kisha wavulana wawili, kisha binti. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini ya mama, wakubwa walikaa sebuleni kupanga nani amchukue nani. Wavulana waende kwa baba mkubwa, wa mwisho aende kwa shangazi, mimi nitafutiwe mume. Nilikuwa napeleka chai. Nilisimama mlangoni na birika mkononi nikasema hakuna mtu atakayetoka nyumba hii.

"Wewe nani wa kusema?" shangazi aliuliza.

"Mkubwa wao."

"Mkubwa! Hata kitenge hujajua kukifunga."

Wavulana walibaki. Wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, shangazi alimpandisha basi la Kondoa asubuhi moja nilipokwenda Majengo kutafuta mahindi. Nilirudi na debe langu nikakuta godoro lake limekunjwa vizuri, limesimamishwa ukutani. Shule niliacha wiki ile ile. Mtu akinihurumia kwa hilo, huwa namuuliza kama amekuja kibandani kwangu kutoa kopi au amekuja kunililia.

Mama alikuwa akitulisha kwenye sinia moja, na sheria ilikuwa moja: kila mtu ale mbele yake. Lakini kabla sinia halijatoka jikoni, alikuwa ameshatenga chakula cha asiyekuwepo na kukifunika kwa kawa. "Hicho cha aliye njiani," alisema, na hakuna aliyethubutu kukigusa, hata kama aliye njiani alikuwa baba aliyekwisha kula kwa rafiki yake. Mama alipoondoka, sinia lilinishinda. Wa pili alikula kama moto wa nyasi, wa tatu alikuwa mtu wa kutafuna huku anawaza, na kila siku mmoja alishiba na mwingine alinung'unika. Nikaliweka sinia juu ya kabati nikaanza kupakua kwenye sahani, sawa kwa sawa, kwa kipimo cha mwiko. Nilipakua sahani nne. Ya nne niliifunika kwa kawa, na asubuhi wavulana walikula kiporo. Jirani mmoja aliniambia naalika mikosi, eti naandalia maiti.

"Hajafa," nilimwambia. "Yuko Kondoa."

Nilijipatia kibanda. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza nyimbo kwenye memori kadi za waendesha bodaboda, baadaye nikaongeza kopi na picha za pasipoti. Kompyuta nilijifunza kwa kuiharibu ya kwangu na kuitengeneza tena, maana sikuwa na nyingine. Mdogo wangu wa pili akawa mpiga video za harusi. Wa tatu alisomea kompyuta mpaka chuo kikuu, sasa anafanya kazi ofisini kule mji wa serikali na anavaa kitambulisho shingoni hata siku ya Jumapili.

Nilipochoka kusikia video za watu zimepotea kwenye flashi, nilichukua kompyuta ya mezani ya zamani nikaiweka sebuleni, karibu na kabati, iwe inawaka wakati wote, na kila mmoja ahifadhi vitu vyake humo kupitia mtandao wa nyumbani. Seva ya nyumbani ndiyo hiyo. Jina ni kubwa kuliko yenyewe. Niliiwekea diski mbili za terabaiti mbili mbili. Kila diski niliikata katikati. Mafungu manne, sawa kwa sawa, kwa kufuata kuzaliwa. Langu na la wa tatu kwenye diski moja, la wa pili na la wa mwisho kwenye nyingine.

Wa mwisho hakuwahi kuniomba nafasi. Alikuwa amekulia Kondoa, amejifunza ushonaji huko, na nilipomtembelea siku za Idi aliniamkia vizuri na kuniletea soda kwenye kisahani, kama mgeni. Shangazi hakumtesa. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana lilininyima hata haki ya kugomba.

Miaka ikaenda. Fungu la mpiga harusi likajaa mpaka kompyuta ikakataa kupokea. Langu lilikuwa limejaa nusu, la wa tatu lilikuwa na vyeti vyake na mpira aliourekodi, na la wa mwisho lilikuwa tupu kabisa. Jumamosi moja wakanijia wote wawili, wamekwisha kupanga maneno.

"Dada," alianza wa tatu, "siku hizi hakuna anayekata diski namna hii. Umegawa kama nyama ya kuchinja. Nafasi inabaki kwa asiyeihitaji, na anayeihitaji anakufa njaa. Halafu diski moja ikifa, waliomo wamekufa nayo."

"Endelea, profesa."

"Tunaziunganisha ziwe ghala moja. Kila faili linaandikwa mara mbili, huku na huku. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu."

Nilimwelewa, na nilijua amesema kweli. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa bado napakulia sahani watu wenye ndevu. Lakini hesabu niliiona pia. Ukiandika kila kitu mara mbili, diski mbili zinakuwa moja. Nafasi ya wanne inapungua nusu.

"Mtaenea wapi?" niliuliza.

Wa pili ndiye aliyesema, huku anatazama chini ya kabati. "Tukifuta lile la nne, tunaenea."

"La nani?"

"Dada, ni tupu! Hajawahi kuweka hata picha moja. Hata kama lipo hajui."

"Najua mimi."

"Unahifadhi hewa."

"Basi ni hewa yake," nikasema. "Ghala moja nakubali. Kuandika mara mbili nakubali. Kumfuta mtu nyumbani kwake sikubali. Kama diski ni ndogo, tatizo ni diski."

Jumatatu nilikwenda Majengo na wa tatu, kwenye duka la kompyuta za mtumba. Niliuliza diski za terabaiti nne zimefanya kazi kwa muda wa saa ngapi. Muuzaji akamjibu mdogo wangu. "Mwambie sista asiwe na wasiwasi, hizi bado mabinti."

"Sista mwenyewe ana masikio," nilisema. Nikatoa laptopu kwenye mkoba nikaiweka juu ya meza yake ya vioo, nikachomeka diski ya kwanza. Diski inakumbuka yenyewe saa ilizofanya kazi, hata ukiifuta vumbi na kuibandika karatasi mpya. Yule binti wake alikuwa bibi kizee. Ya pili ilikuwa nzima. Ya tatu nayo nzima, lakini ilikuwa pacha wa ya pili, kutoka kiwanda kimoja, namba zimefuatana. Nikairudisha.

"Hiyo ina kasoro gani?" aliuliza muuzaji, safari hii akiniuliza mimi.

"Haina. Ila mapacha huugua pamoja. Nipe mtoto wa nyumba nyingine."

Aliinama chini ya meza akatafuta. "Huyu sista umemtoa wapi?" alimuuliza mdogo wangu.

"Ndiye aliyenisomesha," mdogo wangu akajibu, na mkono wake ukaenda kwenye kitambulisho shingoni, akakigeuza kikatazama shati.

Jumapili tukafanya kazi mchana kutwa, madirisha tumeyafunga kwa ajili ya vumbi la upepo. Niliunganisha zile diski mbili za Majengo kuwa ghala moja linaloandika kila kitu mara mbili. Ukuta wa ndani sikuuweka. Badala yake niliweka mipaka: kila mtu anatumia nafasi ya pamoja, ila mpiga harusi ana kikomo asichoweza kupita, na terabaiti moja imetengwa kwa jina la wa mwisho, hakuna mwingine anayeweza kuigusa hata ghala likijaa. Kula mbele yako, na cha aliye njiani kipo chini ya kawa. Sikuwaambia hivyo. Wa pili alitazama kioo cha kompyuta, akasema, "Ni sinia la mama hili," kisha akaenda kunywa maji.

Tukaanza kuhamisha. Harusi kwanza, maana kulikuwa na bibi harusi aliyesubiri video yake na mama mkwe aliyeisubiri zaidi. Zilipokwisha kuingia na nikazikagua zote, diski ya zamani iliyokuwa imezibeba ikaanza kugonga: tak, tak, tak. Kisha ikanyamaza, na kompyuta ikasema haioni kitu. Kilichokuwa hakijahamishwa kwenye diski ile kilikuwa fungu la wa mwisho peke yake.

"Unaona, dada?" alisema wa pili. "Hata diski imechoka kumngoja."

Nilimtupia bisibisi. Haikumpata, na sikukusudia impate, lakini aliondoka sebuleni kwa muda.

Hakuna kilichopotea, kwa kuwa hakukuwa na kitu. Lakini nilikaa nikiitazama ile diski na kujiuliza kama wao ndio wenye akili, na mimi nimezeeka juu ya sahani moja iliyopoa. Miaka kumi na mitano. Huyu binti alikuwa na maisha yake, mashine yake ya kushonea, shangazi aliyemfunga kanga na kumuuguza homa. Nani alinituma?

Wa tatu akaniletea mambo ya ofisini. "Bado jambo moja. Nakala zote mbili ziko sebuleni humu. Nyumba ikiungua, au mwizi akibeba boksi, tumekwisha. Inatakiwa nakala nyingine ikae mbali. Hii diski ya zamani iliyobaki inatosha. Nitaiweka ofisini kwangu."

"Haitakaa ofisini," nilisema.

Alhamisi, nikiwa nimekwisha kunakili kila kitu kwenye diski ile, nilikwenda Kondoa nayo nimeifunga ndani ya kanga mbili, mapajani, kama mtoto. Shangazi alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Si Idi leo. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimemfuata mdogo wangu."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Kumchukua?"

"Kumkabidhi kitu."

Alinitazama kiunoni. "Yuko ndani," alisema. "Na sasa hivi kitenge umejua kukifunga."

Mdogo wangu alikuwa kwenye mashine, mdomo umejaa pini. Nilimweleza kwamba kila tulichonacho kimo ndani ya diski hii, na kwamba nataka aitunze yeye, ili nyumba ya Dodoma ikipata janga, nyumba ibaki kwake. Alitema pini moja moja kwenye kiganja. Nilichomeka diski kwenye laptopu nikamwonyesha. Folda nne. Akafungua yangu, akafungua harusi, akacheka mtu aliyekuwa akicheza vibaya. Kisha akafungua ya nne.

"Hii mbona haina kitu?"

"Ni yako."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoiwasha kompyuta ya nyumbani kwa mara ya kwanza."

Hakulia, wala sikutaka alie. Alikasirika. "Kwa hiyo mna nafasi yangu huko miaka yote, na hakuna aliyeniambia? Mimi hapa nafuta picha kila siku! Simu yangu imejaa, nimefuta mitindo ya magauni ya wateja, nimefuta mpaka sauti za marafiki zangu, na nyie mmekalia terabaiti?"

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje nisichokijua? Lete waya."

Tukakaa hapo mpaka alasiri, simu yake ikimwaga magauni, mapazia, shingo za kanzu, shangazi akiwa amelala mdomo wazi, mbuzi wa jirani, na video ndefu ya mashine yake ikishona upindo, ambayo hakutaka kueleza aliirekodi kwa nini. Vyote nilivinakili kwenye laptopu pia, viingie kwenye ghala la nyumbani. Diski akaifunga kwenye kanga ile ile akaiweka ndani ya sanduku lake la vitambaa, akafunga kufuli, na ufunguo akautia kwenye ushanga shingoni.

Alinisindikiza stendi. Basi lilipoanza kuunguruma aligonga kioo, nikakifungua.

"Dada, lile fungu langu. Wale wasije wakalipunguza."

"Wajaribu," nikamwambia.