Mlinzi wa Kochi Jangwani

Mke wangu alikuwa akiniita mlinzi wa kochi, ila aliahidi kuacha siku nitakayoteleza kwenye mchanga. Basi alfajiri tukatoka Dallas na watoto wetu na kundi la watalii, mwendo wa saa kadhaa hadi jangwani, penye matuta makubwa na kidimbwi cha maji. Kiongozi wetu akaleta ubao wa kutelezea mchangani, akaupaka nta, akanikalisha juu yake, akanisukuma. Nilishuka nikipiga kelele kuliko watoto wetu, nikaishia kifudifudi kando ya maji.

“Umeniona?” nikamwuliza mke wangu, mchanga umejaa mdomoni.

“Baba watoto, nilikuwa nagawa pilau. Hebu panda tena nikuone.”

Nikalitazama lile tuta, kisha nikalitazama sinia. Nikanawa mikono.

Mpaka leo naitwa mlinzi wa kochi, na pilau ile sijaijutia.