Lifti ya Mizigo

Wewe unayemcheka mtu mnene akipanda ngazi, ni lini mara ya mwisho ulifika ghorofa ya nne bila kuhema?

Katika kiwanda kile cha kushona sare hakuna aliyejiuliza. Karakana ilikuwa juu kabisa. Wafanyakazi walipanda kwa miguu; lifti ilikuwa ya majora ya vitambaa. Na katikati ya majora, kila asubuhi, alisimama Bi Mkasi, mkataji wao wa miaka na miaka. Mlango ukifunguka, mpiga pasi hutangaza, "Jamani, mzigo umefika! Nani anasaini?" Watu hucheka. Bi Mkasi naye hucheka, meno nje, moyo umenuna.

Siku lifti ilipoharibika, ilimbidi apande. Alifika kifua kinamwenda kama mvukuto, na kwa aibu ya kuchelewa akashika mashine ya kukatia kabla pumzi haijatulia. Pale vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka. Mkono ukitetemeka, haliharibiki shati moja, yanaharibika yote. Mkono ukatetemeka.

"Mama, mwisho wa mwezi utahamia ghalani, chini," alisema msimamizi, mwanamume mwembamba kama uzi, kwa upole unaouma kuliko tusi. "Kule hakuna ngazi. Utakaa, utapanga vifungo."

"Kwani kilichokosea ni mkono wangu au pumzi?"

"Vina tofauti gani?"

Swali hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Alikuwa amezeeka na mkasi mkononi. Kumpeleka kwenye vifungo ilikuwa kumzika na roho yake. Jioni, nyumbani, akainuka mezani na chupa ya soda, akaimimina yote kwenye sinki.

"Mama! Hiyo ilikuwa yangu!" binti yake akapiga kelele.

"Basi tumeanza wawili."

Kesho yake alitoka nyumbani mapema, akapanda ghorofa moja, akamalizia na lifti, iliyokuwa imeshatengenezwa. Baadaye mbili. Magoti yalilalamika, akayaambia yasubiri zamu yao ya kusema. Nyumbani mboga ziliacha kuogelea kwenye mafuta, na matunda yakakaa pale palipokaa biskuti. Kuna siku alishindwa, akala viazi vya kukaanga hadi akaramba chumvi ya karatasi. Asubuhi akapanda vilevile. Nani kasema anayejikwaa amerudi alikotoka?

"Shoga, hata upande hadi mawinguni," mpiga pasi alimchokoza, "kiuno hicho hakiendi popote."

"Kiuno nimekitafutia mchumba? Mimi natafuta pumzi."

Mwisho wa mwezi ulifika. Mezani kulikuwa na kitambaa cheupe cha sare za wauguzi, tabaka hadi kiwiko, na msimamizi kasimama kando na funguo za ghala.

"Haya, mama. Shika."

"Ziweke hapo. Nikate kwanza."

Alikuwa ametoka kupanda ngazi zote, jasho bado liko shingoni. Zamani angekimbilia mashine. Sasa aliweka viganja mezani, akaacha kifua kishuke, kipande, kishuke tena. Hakuharakishwa na jicho la mtu. Kisha akawasha. Mashine ikazunguka kona ya bega, ile inayowatoa wakataji machozi, ikapita laini.

Msimamizi alichomoa kipande cha juu kabisa na cha chini kabisa, akavilaza pamoja. Vilifanana kama pacha. Akarudisha funguo mfukoni. Radhi hakuomba, watu wa aina yake huona kutokukuonea ni sadaka.

"Gauni langu ni lilelile la mwaka jana, bosi," Bi Mkasi alisema. "Halijapunguzwa hata uzi. Nimebaki nalo, na meza yangu nimebaki nayo."

Asubuhi iliyofuata aliwahi kuliko siku zote. Karakana ilikuwa na yeye na mpiga pasi tu, aliyekuwa akipasha pasi zake. Lifti ikanguruma, ikapanda, ikafunguka. Kati ya majora mawili, amejibana, mkoba kifuani, alikuwa msimamizi.

Mpiga pasi, kwa mazoea, akafungua mdomo. "Jamani, mzigo ume..." Akajiziba kwa kiganja.

Msimamizi alitazama sakafu. Bi Mkasi alianza kucheka, safari hii kutoka tumboni, akacheka mpaka mlango wa lifti ukajifunga wenyewe na mtu wake bado yumo ndani.