Mama wa Bima na Mzee Aliyeandikishwa Kufa

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Arlys Kangas anakung'uta theluji kwenye buti zake mlangoni pa chumba cha chini cha maktaba, na simu ya mezani tayari inalia. Haikimbilii. Anavua koti, anavua sweta la juu, anawasha birika la kahawa, ndipo anapokea.

"Ofisi ya bima ya wazee, Arlys hapa. Ndiyo, mama. Hapana, mama. Medicare haimpigii mtu simu hivi hivi kumwomba namba ya kadi. Huyo ni tapeli, mkatie. Najua ana adabu. Mkatie vilevile."

Kisha anasikiliza muda mrefu. Upande wa pili, mama mmoja wa miaka sabini na tisa anaeleza kwamba hakulelewa kumkatia mtu simu akiwa bado anaongea. Huku Rasi ya Juu ya Michigan, kaskazini mwa Marekani, kuagana tu huchukua nusu saa: mtu anasimama, anasema haya basi, anakaa tena. Matapeli wameshaijua adabu hii na wanaila kama mshahara.

Arlys ana miaka sitini na sita. Amefanya kazi hii miaka kumi na miwili, siku tatu kwa wiki, kwa dola kumi na sita na senti arobaini kwa saa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa duka la vyakula. Kazi yake ni kuwaeleza wazee Medicare, bima yao ya serikali, inalipa nini na hailipi nini, na haruhusiwi kupokea hata senti yao. Kati ya katikati ya Oktoba na tarehe saba Desemba, msimu wa kubadili mpango wa bima, huonana na watu arobaini kwa wiki.

Bima hiyo ina sehemu nne zenye majina ya herufi, na maelezo yake ameyafupisha hadi mtu anayakumbuka njiani. "A ni kitanda cha hospitali. B ni daktari. D ni vidonge," anasema. "C ni kampuni binafsi inayokuambia itakubebea zote hizo, na wewe kabla hujapanda uulize inakupeleka wapi, na kama daktari wako naye yumo."

Mumewe, Denny, aliyekuwa fundi mgodini, alifariki miaka minne iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Chumba hiki hakina dirisha, na Arlys anasema anakipenda hivyo, kwa sababu akitoka jioni hashangai kukuta giza.

Leo ni Jumanne, na macho yake yako kwenye mashine ya faksi. Anangoja jibu moja. Lisipofika kabla ya saa kumi na moja jioni, mzee mmoja hatafanyiwa upasuaji wa moyo kesho.

Mzee mwenyewe ni Waino Hakala, miaka themanini na mitatu, mchimba madini mstaafu, mjane, anayeishi mwisho wa barabara maili kumi na nne kutoka mjini. Nilipomuuliza kama nibadilishe jina lake gazetini alinitazama kama nimemtukana.

"Andika jina langu," alisema. "Mjinga asiye na jina anamfundisha nani?"

Mwezi Septemba mwanamume mmoja aliyenyoosha shati vizuri aligonga mlango wake, kishikwambi mkononi. Waino alimkaribisha, akamwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki anaouoka mwenyewe tangu mkewe afe. Mgeni akauliza kama mzee anaishi peke yake, na kama angependa mtu wa kumtembelea mara moja kwa wiki. Bure, alisema, kadi ya Medicare inalipia.

Waino akaleta kadi. Akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo.

"Hukusoma?" nilimuuliza.

"Alikuwa ameshakula vipande vitatu," alisema Waino. "Ameshakunywa vikombe viwili. Mtu amekula mkate wako mezani kwako, halafu unamwambia ngoja kwanza nikukague? Nani amekulea wewe?"

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja ili mwenyeji aandikwe kuwa anakufa. Fomu ile ya kwenye kioo ilikuwa ya kujiandikisha kwenye huduma ya wagonjwa wa siku za mwisho, wale ambao madaktari wameshanyoosha mikono na kinachobaki ni kuwapunguzia maumivu. Serikali huilipa kampuni kwa kila siku mgonjwa anayohesabiwa. Na mtu akishaingia humo, bima huacha kulipia tiba ya kumponya ugonjwa ule, kwa kuwa amekubali mwenyewe kuwa haponi.

Waino hakujua lolote. Alichojua ni kwamba Oktoba, kila Alhamisi saa nane mchana, binti mmoja jina lake Shayla alifika kwa gari bovu, akampima presha, kisha akakaa wakacheza karata hadi saa tisa na nusu. Alikuja mara nne, kisha Alhamisi mbili zikapita bila yeye. Waino alidhani ni barabara, maana theluji ilikuwa imeanza.

"Alikuwa hajui karata kabisa," alisema, na uso wake ukafunguka. "Anashindwa, anacheka. Hakuwa mwizi yule. Alikuwa kibarua tu kama mimi nilivyokuwa."

Jumatatu ya wiki iliyopita hospitali ilimpigia. Vali mpya ya moyo wake, kilango cha kupitisha damu, ambayo ameisubiri tangu Juni, na ambayo bila hiyo hawezi kufika kwenye rundo lake la kuni bila kusimama mara mbili, ilikuwa imepangiwa Jumatano ya kesho. Lakini bima imekataa. Karani aliuliza kwa upole kama familia inafahamu kwamba mzee yuko siku za mwisho.

Kesho yake Waino aliendesha gari hadi maktaba. Alikuja na bahasha ya Medicare ambayo hakuwahi kuifungua, ile inayotumwa kila baada ya miezi mitatu kuonyesha nani ametoza nini kwa jina lako. Arlys anawaambia wazee kila siku: ifungueni hiyo, humo ndimo mwizi anamoandika jina lake. Aliifungua, akasoma mistari miwili, akavua miwani.

"Mzee Waino, hapa wanasema unakufa."

"Nani anasema?"

"Kampuni. Na daktari mmoja wa mji ambao hujawahi kufika."

Waino alifikiri. "Wangenipigia basi," alisema. "Nimenunua kuni za msimu mzima."

Arlys anasema alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akamtolea karatasi ya kujiondoa. Ni ukurasa mmoja tu. Mtu anaandika kwamba anaacha huduma ile, anaweka tarehe ya kuacha, anatia sahihi, na haki yake ya matibabu inarudi siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba kumbukumbu za kompyuta haziendi mbio kama kalamu, zinaweza kuchukua siku kadhaa. Wakikosa Jumatano, nafasi inayofuata ni Februari, na daktari wa moyo alikuwa amesema wazi kwamba asingependa kusubiri hadi Februari.

"Andika tarehe ya leo," Arlys alimwambia.

Waino akaandika tarehe ya Ijumaa.

"Mzee, leo ni Jumanne."

"Najua siku."

"Ukiandika Ijumaa tunapoteza siku tatu. Wakichelewa, unakufa kweli, na wale watakuwa wamesema ukweli."

"Karatasi inaruhusu tarehe ya mbele?"

"Inaruhusu, lakini..."

"Basi Ijumaa."

Walibishana nusu saa. Waino hakueleza sababu, na mtu wa huku akishakunja mikono kifuani huwezi kumkunjua. Arlys aliuchukua ukurasa ule ukiwa na tarehe ya Ijumaa. Siku hiyo hiyo alitoa taarifa kwa namba ya serikali ya kuripoti utapeli. Simu ya ile kampuni alipoipiga, ilikuwa haipo tena.

"Miaka kumi na miwili," aliniambia, "sijawahi kuona mtu anaomba kubaki ndani ya wizi siku tatu zaidi."

Mimi nilifika kwa Waino Alhamisi, kwa ajili ya makala haya. Nilikuta meza imepangwa. Vikombe viwili, mkate umekatwa na kufunikwa kitambaa, karata zimechanganywa. Ndipo nikaielewa ile Ijumaa. Mzee alitaka Alhamisi moja zaidi.

Saa nane ilifika, ikapita. Nilijaribu kuzungumza habari za theluji. Waino alinijibu kwa adabu, lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Gari la kufagia theluji lilipopita alinyanyuka nusu, akakaa tena. Sikukaribishwa kwenye kile kikombe cha pili, wala sikuomba. Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaanza kuingia, na yeye akamimina kahawa ile kwenye sinki. Nimekuwa mwandishi miaka mingi, na sijawahi kutaka kutoka kwenye nyumba ya mtu kama nilivyotaka siku ile.

Kabla sijaondoka alivuta karatasi chini ya bakuli la sukari, akanionyesha. Ilikuwa fomu ya hospitali. Yote ilijazwa kwa herufi kubwa za mchimba madini, isipokuwa mstari mmoja: jina la mtu mzima atakayesubiri wakati wa upasuaji na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Bila jina hilo hawampeleki chumba cha upasuaji.

"Nilitaka kumwomba yule binti," alisema. "Hilo si jambo la kuombwa kwa simu. Na namba yake sina."

"Watoto je?"

"Mmoja, Arizona. Ana matatizo yake. Nikimwambia atakuja, na akija atauza nyumba."

Ijumaa asubuhi, karatasi ya kujiondoa ilipoanza kufanya kazi, Arlys aliituma kila mahali inapotakiwa kufika. Saa tatu Waino alimpigia. Alisema maneno mawili tu, "Hakuja, Arlys," kisha akaeleza habari ya mstari. Arlys akamwambia asubiri kidogo kwenye simu, akaiweka chini juu ya meza, akaenda kusimama kwenye rafu za vitabu vya watoto.

Sababu ya kusimama kule alinieleza jana, tukiwa tunakula chakula chetu cha mchana, mkate wa nyama na viazi kutoka duka la kona. Alinieleza huku akikata nyama vipande vidogo vidogo ambavyo hakuvila.

"Mwaka jana nilifanyiwa jicho la kulia, mtoto wa jicho," alisema. "Wakanipa fomu ile ile. Nikaandika Dennis Kangas, mume. Namba ya simu yetu ya nyumbani. Wakaniuliza, mumeo yuko wapi? Nikasema anaegesha gari. Walipomaliza nikapita mlango wa nyuma, nikaendesha mwenyewe maili ishirini na mbili na jicho moja limefungwa."

Nilimuuliza kwa nini hakumwomba mtu.

"Ningemwomba nani? Watu wote ninaowajua wanakuja hapa kuomba msaada. Mchana kutwa nawasihi watu wakate simu, halafu narudi nyumbani kwenye simu isiyolia. Naona upweke, ndugu yangu. Andika hivyo. Nimechoka kusema niko sawa."

Kanuni za ofisi zinamkataza mshauri wa bima kuwa msimamizi wa mteja wake kwa lolote, na kanuni hiyo ni nzuri, imewekwa kuwakinga wazee na watu wenye mikono mirefu. Kwa hiyo Arlys aliporudi kwenye simu hakuahidi kitu. Alikwenda kwa bosi wake, akakabidhi faili la Waino kwa mshauri mwingine, akaomba likizo ya siku mbili. Alipoulizwa sababu alisema shughuli za kifamilia.

"Si uongo mkubwa," ananiambia, akitazama faksi.

Saa tisa na dakika ishirini mashine inaanza kunguruma. Karatasi inatoka taratibu. Yule mshauri mwingine, jirani yake wa meza, ndiye anayetakiwa kuisoma kwa sasa, na Arlys anajilazimisha kubaki kitini hadi anapoambiwa. Kumbukumbu zimesahihishwa. Waino Hakala hayumo tena katika orodha ya wanaokufa. Bima italipa.

Arlys anampigia. Anamwambia awe tayari saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, asile kitu, asizoe theluji mlangoni, atakuja na koleo lake. Sauti ya mzee inasikika hadi ninapokaa.

"Na kwenye fomu niandike wewe ni nani wangu?"

"Andika rafiki."

"Rafiki wa karata," anasema Waino. "Wanapenda mtu aeleze."

"Sijui karata, mzee."

"Hiyo ndiyo sifa ninayoitaka."

Nilimuuliza Arlys ana mpango gani baada ya hapo, maana majira ya kuchipua anafikisha umri wa kustaafu. Alisema bado hajui. Kitu kimoja tu kimeshapangwa: jicho la kushoto, Machi kumi na mbili, hospitali ile ile. Fomu ameshaijaza na kuituma, na safari hii kwenye ule mstari ameandika jina la mtu aliye hai.

"Nimemwambia asithubutu kufa kesho," anasema, akivaa koti. "Nimeshaandika kwamba yeye ndiye atakayenirudisha nyumbani."